Fosfeti, sukari ama ubikuitini: uchague alama gani ya protini kwa tasnifu ya saratani ya matiti ukiwa Nairobi

Kila masomo yakifungua kuna watu wa masta hapa Nairobi wanaotaka kufanya kitu kuhusu saratani ya matiti, na wengi siku hizi hawataki jeni peke yake, wanataka protini. Sawa kabisa. Lakini ukishamwambia supavaiza "nataka kuangalia vile protini inabadilishwa ikishatengenezwa", hapo ndio kizungumkuti kinaanza, juu mabadiliko yenyewe ni mengi ajabu, kila moja iko na watu wake wanaoisifu, na wewe uko na miaka miwili tu na pesa za mkopo. Mimi nalinganisha zile kubwa tatu, zingine nazigusia tu, na msimamo wangu nausema mapema ili usisome hadi chini ukinitafuta: chagua ile alama ambayo bado itakuwa kwa nyama ya uvimbe wakati nyama hiyo inafika mikononi mwako. Hayo mengine ya jarida gani na nani alipata Nobel yanakuja baadaye.

Kwa wale wametoka fani zingine, kifupi: seli ikimaliza kuunda protini haiiachi hivyo hivyo. Inaweza kuibandika kikundi cha fosfeti, ama mnyororo wa sukari, ama protini nyingine ndogo inaitwa ubikuitini, ama asetili, ama hata kipande cha mafuta. Jeni haijaguswa hata herufi moja, lakini protini sasa inafanya kazi tofauti, inahamia mahali pengine ndani ya seli ama inavunjwa mapema. Uvimbe unakua hapo, na hapo hapo pia ndio unajificha kinga ya mwili, ndio maana hizi alama zinapendwa, unapata mambo mawili kwa swali moja.

Na kuna protini moja nitaitumia kupimia zote: PD-L1. Hii inakaa juu ya seli ya saratani, inashikana na PD-1 ya seli T, yaani seli ya kinga inayoua, na seli T inalegea inaacha kuua. Dawa ya pembrolizumab inazuia huko kushikana, na ilikubaliwa Marekani mwaka 2020 kwa saratani ya matiti iliyosambaa ya aina hasi-tatu, yaani ile haina kipokezi cha estrojeni, haina cha projesteroni na haina HER2 ya kutosha (protini ya juu ya seli inayoisukuma igawanyike), halafu mwaka 2021 ikakubaliwa pia kwa ile ya mapema. Kwa ile iliyosambaa mgonjwa lazima apimwe PD-L1 kwanza, alama za kipimo zifike 10. Kumbuka hicho kipimo, tutakirudia kwa sukari.

Fosfeti sasa, manake ndiyo kila mtu anaanza nayo. Enzaimu za kuibandika zinaitwa kinasi na mwili wa binadamu uko nazo zaidi ya 500, na za kuitoa ni fosfatasi. Fischer na Krebs walipewa Nobel 1992 kwa kuonyesha kwamba hii kitu inawekwa na kutolewa, si ya kudumu. Kwa upande wa kukua kwa uvimbe hakuna alama inayoishinda, tuseme ukweli. HER2 yenyewe ni kinasi, imezidi kwa wagonjwa kama 15 hadi 20 kwa kila 100, zikikutana mbili juu ya seli zinabandikana fosfeti mikiani na ujumbe unateremka kupitia kinasi zingine, AKT na ERK, hadi kwa kiini, seli inaambiwa gawanyika. Dawa ya trastuzumab ya 1998 inalenga hapo. Halafu kuna kinasi za CDK4 na CDK6 ambazo zinabandika fosfeti kwa protini inaitwa RB, RB ikibandikwa inaachilia mzunguko wa seli uendelee, na ukizizuia kwa palbociclib, iliyotoka 2015, ama ribociclib, seli inasimama. Hata kipokezi cha estrojeni kinabandikwa fosfeti kwa serini ya 118, yaani asidi amino ya 118 kwa mnyororo wake, na kuchangamka zaidi. Yaani ukitaka kuandika sura ya "umuhimu wa utafiti" kwa fosfeti, haitakupa shida, dawa ziko na majina yanajulikana hadi wodini.

Kwa kinga pia iko, na watu wengi wanaisahau. PD-1 ikishashikwa na PD-L1 mkia wake unabandikwa fosfeti ndani ya seli T, unavuta fosfatasi inaitwa SHP2, na hiyo inaenda kutoa fosfeti kwa CD28 ambayo ndiyo ilikuwa inaichochea seli T. Kwa hivyo kulegea kwa seli T, ukishuka hadi chini kabisa, ni hadithi ya fosfeti kutolewa. Na zile dawa za CDK4/6 ziligunduliwa 2017 kwamba hazisimamishi tu uvimbe, zinafanya pia seli ya saratani ionyeshe antijeni zake, vile vipande vya kuitambulisha, zaidi kwa kinga, kwa panya na kwa sampuli za wagonjwa. Utamu kabisa.

Shida sasa. Fosfeti haingoji mtu. Daktari akifunga mishipa ya damu ya uvimbe, seli ziko hai bado lakini hazina oksijeni, kinasi na fosfatasi zinaanza kupigana vingine kabisa, na ile picha utaona kwa maabara ni ya nyama iliyokuwa inakufa kwa sinia, haikuonyeshi uvimbe ulivyokuwa ndani ya mgonjwa. Kuna kazi ya 2014 iliyopima hili kwa uvimbe wa ovari na wa matiti uliokuzwa kwa panya: ndani ya saa moja viwango vya protini zenyewe havikusogea, lakini hadi asilimia 24 ya alama za fosfeti zilikuwa zimebadilika. Sasa fikiria njia ya kawaida ya sampuli kwa hospitali kubwa yenye foleni ya upasuaji, nyama inatoka thieta, inangoja mtu wa kuibeba, inaingia formalini saa isiyoandikwa popote. Miongozo ya kupima HER2 na homoni inasema nyama iingie formalini ndani ya saa moja na ikae humo kati ya saa 6 na 72, na hiyo ni ya protini zenyewe ambazo ni ngumu, fosfeti inataka dakika. Kama huna mtu wako ndani ya thieta na naitrojeni ya maji mkononi, fosfeti ya nyama ya mgonjwa iache. Fanya kwa seli za kukuza, BT-474 na SK-BR-3 kwa HER2, MCF-7 kwa estrojeni, hapo unaweza kuzimwagia dawa na kuzivunja kwa barafu papo hapo ukiwa umeweka orthovanadeti na floridi ya kuzuia fosfatasi. Na usizibe membreni ya bloti (ile karatasi ya kuonyeshea protini baada ya jeli) na maziwa, maziwa yamejaa kesini na kesini yenyewe ni protini ya fosfeti, tumia albumini ya ng'ombe.

Sukari nitakaa nayo, na huu upendeleo siufichi.

Glaikosilesheni, yaani kubandika sukari, inaogopwa kwa sababu haina kanuni moja rahisi, mnyororo wa sukari hauandikwi na jeni moja kama protini, unajengwa na enzaimu nyingi zikifuatana na kila seli inaumalizia kivyake. Lakini ukiacha woga, angalia vile inagusa saratani ya matiti. MUC1 ni protini ndefu juu ya seli za matiti, kwa kawaida imejaa minyororo mirefu ya sukari, kwa saratani minyororo inakatika mifupi, na inabaki na asidi ya sialiki kwa ncha. Kile kipimo cha damu cha CA 15-3 ambacho wagonjwa wanafanyiwa hapa Nairobi wakifuatiliwa ni MUC1 hiyo hiyo iliyomwagika kwa damu. Na ile ncha ya sialiki si pambo, inashikwa na vipokezi vya seli za kinga vinavyoitwa Siglec, Siglec-9 ikishika MUC1 ya namna hiyo makrofaji, seli za kinga zinazomeza, zinageuka upande wa kusaidia uvimbe badala ya kuula. Mwaka 2019 ikaonekana tena kwamba CD24, protini nyingine yenye sukari tele, inashikana na Siglec-10 ya makrofaji na kuziambia msile, na saratani ya ovari na ya matiti hasi-tatu ndizo zilizotajwa hapo. Carolyn Bertozzi, aliyepata Nobel 2022 kwa kemia ya kuweka alama kwenye vitu kama hizo sukari ndani ya seli hai, kundi lake lilishabandika enzaimu ya kukata asidi ya sialiki kwa trastuzumab ili ikanyoe HER2 na jirani zake, na seli za kinga zikaua vizuri zaidi kwa maabara.

Rudi kwa PD-L1. Bila sukari uzito wake ni kama kilodaltoni 33, ikiwa na sukari inapanda hadi 45 ama 50 na kwa bloti inaonekana kama uchafu mpana, si mstari, wageni wanadhani wameharibu jeli. Sukari ziko sehemu nne, asparajini za 35, 192, 200 na 219. Na hapa ndio alama zote tatu zinakutana: kinasi ya GSK3β inataka kubandika PD-L1 fosfeti, fosfeti hiyo inaita enzaimu ya ubikuitini, na PD-L1 inavunjwa, uvimbe unabaki uchi mbele ya kinga. Lakini minyororo ya 192, 200 na 219 ikiwepo GSK3β haipati pa kushika, PD-L1 inadumu. Kwa hivyo mtu akikuuliza kati ya hizi tatu ipi ni muhimu, swali lenyewe limekaa vibaya kidogo, zinazuiana ama zinaitana kwenye protini moja, wewe unachagua tu mlango wa kuingilia.

Na ile sukari inafunika pia mahali antibodi ya kipimo inatakiwa ishike! Kuna kazi ya 2019 iliyoonyesha kwamba ukikata sukari kwa nyama kabla ya kuitia antibodi, PD-L1 inaonekana kwa wagonjwa ambao mwanzoni walisomwa hawana, na kipimo kinalingana zaidi na nani alisaidika na dawa. Kwa nchi kama hii ambayo dawa yenyewe ni ghali hadi watu wanauza shamba, kujua kipimo kinadanganya wapi si jambo dogo. Ingekuwa mimi naanza leo ningeenda hapo hapo: bloku za hasi-tatu (nyama ya uvimbe iliyohifadhiwa ndani ya nta), PD-L1 kabla na baada ya kukata sukari na enzaimu ya PNGase F. Wagonjwa hawakosi, kuna utafiti wa hospitali kadhaa za Kenya uliopata hasi-tatu kama mmoja kwa watano.

Lakini kitu inanifanya niipigie debe sana sukari ni kwamba inavumilia. Minyororo ya sukari haikimbii kwa dakika kama fosfeti, formalini na nta haziiharibu kiasi cha kukuudhi, unaweza kutumia bloku za miaka iliyopita zilizolala kwa stoo ya patholojia. Na chombo cha kuisoma ni rahisi: lektini. Hizi ni protini zinazoshika sukari, nyingi zinatoka kwa mimea, moja inayotumika sana inatoka kwa maharagwe haya haya, Phaseolus vulgaris, ndiyo ile inayokuumiza tumbo ukila maharagwe hayajaiva. Aina yake ya L inashika matawi ya sukari ambayo huongezeka saratani ikianza kusambaa. Ingine inatoka kwa konokono, Helix pomatia, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 ilijulikana kwamba uvimbe wa matiti unaoshikwa nayo una tabia ya kusambaa kuliko usioshikwa. Lektini bei yake kwa kawaida haikufanyi uamke usiku kama antibodi ya fosfeti ya dola mia kadhaa ambayo mzigo ukichelewa njiani na barafu kavu ikaisha umeliwa. Hapa pia usizibe na maziwa, yana protini za sukari na bayotini, utapata giza kila mahali.

Ubaya wa sukari? Lektini inakuambia kuna tawi la aina fulani, haikuambii liko kwa protini gani. Kwa hilo unahitaji masi spektrometa, mashine ya kutambua molekuli kwa uzito wake, na mtu anayeijua, na supavaiza wa sukari ni wachache, unaweza kukwama na huna wa kuuliza. Pia mtahini wa nje atakuuliza "dawa iko wapi?" na utajibu kwamba nyingi ziko bado kwa majaribio. Jibu hilo ni halali, lakini jiandae nalo.

Ubikuitini. Ni protini ndogo ya asidi amino 76, inabandikwa na enzaimu za hatua tatu, E1 chache sana, E2 kama 40, na E3 zaidi ya 600, hizo za mwisho ndizo zinachagua nani abandikwe. Ikibandikwa kwa mnyororo wa aina fulani inafanya kazi ya ile X nyekundu inayopakwa kwa ukuta wa jengo la kubomolewa, protini inapelekwa kwa proteasomu ikasagwe, ingawa minyororo mingine, kama ya lisini 63, haina habari na kubomoa, ni ya kupitisha ujumbe. Nobel ya kemia 2004 ilienda huko, Ciechanover, Hershko na Rose. Kwa saratani ya matiti mlango ni mpana: BRCA1 yenyewe, ile ya saratani ya kurithi kila mtu ameisikia, ni E3 ikishirikiana na BARD1. Dawa ya fulvestrant inafanya kipokezi cha estrojeni kiharibiwe kwa njia hii. Na kuna dawa za kizazi kipya zinazoshika kipokezi kwa mkono mmoja na E3 kwa mkono mwingine ili kibandikwe, vepdegestrant imefika majaribio ya awamu ya tatu.

Kwa kinga, PD-L1 tena: SPOP ni sehemu ya E3 inayoivunja, na CDK4 ndiyo inaiimarisha SPOP kwa fosfeti, kwa hivyo ukimpa mtu dawa ya CDK4/6 PD-L1 inapanda. Soma hiyo mara mbili. Dawa ile ile niliyoisifu juu kwamba inaamsha kinga, inapandisha pia kizuizi cha kinga, ndio maana watu wakafikiria kuichanganya na pembrolizumab na wenzake. Upande mwingine CSN5 inatoa ubikuitini kwa PD-L1 na kuiokoa, na inachochewa na inflamesheni inayoletwa na makrofaji.

Kama akili yako inapenda maswali ya "kwa nini hii protini haifi", hii ndiyo yako. Lakini kwa maabara ni kazi ya roho ngumu. Protini iliyobandikwa haikai, inasagwa ukiangalia, lazima uzuie proteasomu na MG132 kabla ya kuvunja seli, uweke N-ethilimaleimidi kuzuia enzaimu za kubandua, ndipo uvute na antibodi. Kwa nyama ya mgonjwa iliyokuwa formalini sahau, utaona tu wingi wa E3 ama wa protini inayolengwa, na ubikuitini yenyewe hutaiona. Kwa hivyo hii ni ya mtu mwenye chumba cha kukuza seli ambacho stima ikipotea jenereta inashika, na seli za hasi-tatu kama MDA-MB-231 ama BT-549 zinazoeleweka historia yake. Kama inkubeta yenu inalia kila wikendi, tafadhali.

Asetilesheni nitaipitia haraka. Ni nzuri kwa histoni, zile protini DNA inajizungushia, na dawa ya tucidinostat ilikubaliwa China 2019 kwa saratani ya matiti yenye homoni, lakini mwenzake entinostat ilianguka kwa awamu ya tatu Marekani, na kwa masta histoni tayari zina watu wengi. Palmitoilesheni, yaani kubandika mafuta, inaikinga PD-L1 isibandikwe ubikuitini, swali tamu lakini vifaa vyake ni vya kutafuta kwa tochi. Laktilesheni, yaani kubandika lakteti, iligunduliwa 2019 na sasa kila mtu anaikimbilia, ukifika mwaka wa pili utakuta makundi ya Shanghai yameshafanya swali lako mara kadhaa kwa masi spektrometa mpya kabisa.

Kuna njia nyingine ambayo haihitaji hata tone la damu. Data za CPTAC, mradi wa Marekani wa kupima protini za saratani, ziko wazi, ile ya 2020 iko na uvimbe wa matiti 122 ambao ulipimwa protini, fosfeti na asetili pamoja, na uvimbe huo ulikusanywa kwa uangalifu wa muda. Hapa fosfeti inarudi kuwa chaguo zuri, manake nyama ilishughulikiwa na watu wengine waliokuwa na naitrojeni. Unahitaji laptopu, intaneti ya kushusha mafaili makubwa na mtu wa takwimu. Tatizo ni kwamba hao si wagonjwa wa KNH, yaani Kenyatta, wala wa Aga Khan, na ukitaka kusema kitu kuhusu wanawake wa hapa ambapo saratani ya matiti inapatikana upya kwa zaidi ya 6,000 kila mwaka, hutaweza kutoka hapo moja kwa moja.

Jambo moja la pembeni kwa sababu naulizwa: metformin, dawa ya kisukari. Ni kweli 2018 ilionyeshwa kwamba inawasha AMPK, AMPK inabandika PD-L1 fosfeti kwa serini ya 195, sukari za PD-L1 zinajengwa vibaya na inavunjwa kabla ya kufika juu ya seli. Mfano mzuri mno wa fosfeti, sukari na uvunjaji kwa mstari mmoja. Lakini jaribio kubwa la 2022 kwa wanawake wasio na kisukari wenye saratani ya matiti halikupata kwamba metformin inazuia ugonjwa kurudi. Kwa hivyo iandike kwa tasnifu, usimwambie shangazi yako ainunue.

Ukishaamua, usianze na kuagiza antibodi. Anza na kamati ya maadili na kibali cha NACOSTI, tume ya serikali ya sayansi, halafu nenda patholojia na barua mkononi uzungumze na fundi wa maabara kabla ya daktari, fundi ndiye anajua bloku gani ziko na gani ziliharibika. Muulize kila bloku nyama ilikaa formalini saa ngapi. Kama haikuandikwa, kwa lektini unaweza kuivumilia, kwa PD-L1 iweke kando, kwa fosfeti usiihesabu kabisa.